Abu Rayhan al-Biruni na Kupima kwa Maji

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwaka 362 wa Hijra, nao ni 973 wa miladi, katika nchi ya Khwarazm. Mwalimu wake wa hesabu na falaki alikuwa Abu Nasr Mansur. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo akamchukua al-Biruni pamoja na wanazuoni wengine, na tangu hapo hakuwa na hiari ya makazi yake. Wengi wangalivunjika moyo. Yeye alijifunza Kisanskriti akasoma elimu ya Wahindu, na katika kitabu chake cha Uhindi hata Sofala ya Zinji ameitaja, kwa kuwa mabaharia wa baina ya huko na Uchina walikuwa wakitua Somnath.

Lakini sisi twapenda kukaa juu ya kazi yake ya maji. Yapata miaka 1,200 kabla yake, Myunani Archimedes alikwisha kueleza kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Al-Biruni hakuona haya kupokea ilimu kwa Wayunani (wanaojisifia wanazuoni wetu husahau jambo hili), wala hakutosheka kukariri: alipima. Alitengeneza chombo kipana chini, chenye shingo nyembamba na mrija ubavuni. Alikijaza maji, akatia madini au kito, na maji yaliyomwagika akayapima kwa mizani. Mithkali 100 za dhahabu humwaga maji ya mithkali 5 na kitu, basi dhahabu haina budi kuzama. Mwenye kuichanganya na fedha hufichuka, kwani maji yamwagikayo huzidi.

Kwa kanuni hiyo hiyo msumari huzama na meli ya chuma huelea: tumbo lake tupu huondoa maji mengi, yenye uzito sawa na wake wote na shehena yake. Samaki wengi hujizuia kati kwa kibofu cha hewa. Al-Biruni alipima pia tofauti ya maji matamu na ya chumvi. Ndiyo sababu chombo kielea­cho Mombasa, kikiwa na shehena ile ile, kingedidimia zaidi kidogo katika ziwa la Kisumu.

Alifariki Ghazna yapata mwaka 1048. Vipimo vyake alivihifadhi al-Khazini wa Marw katika Mizan al-Hikma, kitabu alichokiandika mwaka 515 wa Hijra.