Karani wa Forodha Aliyetuachia Kusadikika



Mwaka jana, katikati ya muhula wa pili, niliamua kuacha kazi. Asubuhi nilikuwa darasani. Mchana hadi magharibi nilishika daftari la hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Bujumbura. Usiku, wenzangu wa chumbani wakishalala, niliandika hadithi kwenye simu hadi saa nane. Swala ya alfajiri ikawa inanipita, kichwa kinauma, nami nimekuwa mkali kwa kila mtu. Lakini mshahara wa duka ndio uliolipa ada ya mdogo wangu. Niliona kwamba mwandishi wa kweli hawezi kukaa anahesabu misumari, kwa hiyo lazima kimoja kife.

Nilikwenda Buyenzi kumweleza baba mdogo. Hakubishana nami. Alitoa kabatini Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyokwisha kupoteza jalada, akaniuliza kama najua aliyeiandika alikuwa akila kwa kazi gani. Sikujua. Nilidhani alikuwa mwandishi tu, basi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo wa 1926 akaingia katika kazi ya serikali ya kikoloni akiwa karani wa forodha. Alikaa katika idara hiyo miaka 18, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Baadaye alihamishiwa Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, na mwisho Idara ya Upimaji. Ukijumlisha, ni zaidi ya miaka 30 ya kazi ya ofisini. Katika miaka hiyo yote Mwafrika alilipwa kidogo na kupanda cheo kwa shida, hata akiwa hodari namna gani.

Vitabu vyake vilipata saa zilizobaki. Ni katika saa hizo zilizotoka tenzi, mashairi, insha, wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, na hadithi ambazo bado tunazisoma. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, yeye akiwa bado mtumishi wa serikali. Tazama alivyofanya. Karani wa mkoloni hakuweza kusimama sokoni akasema kwamba watawala wanadhulumu. Basi akabuni nchi iliyo angani, akamweka kizimbani kijana Karama, aliyeshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi mema, na kila aliyerudi akatupwa gerezani. Nilipoisoma mara ya pili nilimwona mtu aliyekaa miaka mingi katika ofisi za watawala, anayejua jinsi pendekezo jema linavyouawa. Kazi niliyodhani ilimwibia muda ilikuwa pia imempa macho.

Wala nyumbani hakukuwa na raha tupu. Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto na huzuni. Maombolezo yake aliyaweka katika shairi, na wosia wa malezi akauweka katika tenzi mbili, mmoja kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe. Nadhani hapo ndipo nilipokosea mimi. Mimi nilikuwa nikiandika ili niwakimbie watu wangu, naye aliandika huku akiwatazama.

Hata hivyo sitaki tumfanye malaika. Katika Utubora Mkulima alimwandika mtu anayeacha kazi nzuri ya ofisini Zanzibar, akaenda shamba kushika jembe na kutafuta utulivu wa moyo. Siwezi kuamini kwamba karani wa miaka 30 aliandika hayo bila kuujua uchovu huo. Yeye mwenyewe alistaafu, akaishi kuuona uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba 1961, na Juni 1962 akafariki, akiwa na umri wa miaka 53. Akazikwa kwao Vibambani. Baadhi ya miswada yake, ukiwemo wa Utubora, ilichapishwa baada ya yeye kuondoka. Mapumziko aliyoyangoja yalikuwa mafupi mno.

Kwa hiyo nimetoka kwake na mambo mawili, nanyi mnaochora, mnaoshona au mnaoandika kati ya masomo na vibarua mtayapima. La kwanza, kazi inayolisha nyumba si adui wa kalamu. Ni amana, na kuitimiza vizuri ni ibada. La pili, tusiseme tutapumzika tukimaliza, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa kumaliza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mwili una haki juu yetu, na jamaa zetu wana haki, na Mola wetu ana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mimi nilikuwa nimeipa hadithi haki za wote.

Sikuacha kazi. Simu naizima saa nne usiku. Naandika nusu saa baada ya swala ya alfajiri, siku tano kwa wiki, na Jumapili mchana nalala bila aibu. Hadithi inakwenda polepole, lakini inakwenda. Imebadilika pia: sasa mhusika wake ni mzee anayekuja dukani kila mwezi kununua bati moja, akijenga nyumba ambayo hajui kama ataingia. Nilimwandikia risiti mwaka mzima kabla sijamwona.

Tumwombee Shaaban Robert rehema, na tuombeane wasaa na afya. Wabillahi tawfiq.