Atiman: Mtumwa Aliyekombolewa Akawa Tabibu wa Karema kwa Miaka 67

Na Mwandishi Wetu

Wapitao Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam huliona jengo kongwe liitwalo Atiman House, lililojengwa miaka ya 1860 zama za Sultani Majid. Wengi hawajui kuwa mwenye jina hilo hakuwa sultani wala tajiri. Alikuwa mhudumu wa afya wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa sasa wa Katavi.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kwenye bonde la Mto Niger. Akiwa bado mtoto alitekwa, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa. Kusini mwa Algeria alikombolewa na Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, wakampeleka shule.

Wakati huo Kardinali alikuwa na shida ya kutatua. Wamisionari wake waliopelekwa kwenye Maziwa Makuu walikuwa wakifa kwa homa, na wenyeji waliwaona kuwa wageni. Akaamua kuwasomesha vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, wapate utabibu na mafundisho ya dini kwa pamoja, kisha wakaishi miongoni mwa watu, waoe na kula kama wenyeji. Vijana hao walipelekwa katika kisiwa cha Malta, nao wakaitwa makatekista matabibu. Cheo hicho kilikuwa cha msaidizi: kazi yao ilikusudiwa kuutegemeza umisionari, si kusimama peke yake.

Atiman alisoma Malta hadi mwaka 1888. Mwaka huohuo alianza safari ya kwenda bara, wakati pwani ikitikiswa na vita vya Abushiri. Hapakuwa na reli. Msafara ulikwenda kwa miguu hadi ziwani. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 23 hivi.

Hapo ndipo ajira yake ilipoanzia, na hakuna mwajiriwa mpya wa leo ambaye angeitamani. Misheni ilikuwa ndani ya ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakaikabidhi kwa mapadri mwaka 1885. Msaidizi huyu hakuwa na daktari wa kumsaidia. Dawa ikiisha, nyingine ilipaswa kubebwa mabegani kutoka pwani. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma kandokando ya ziwa, na misheni ililea watoto waliokombolewa kama alivyokombolewa yeye. Tabibu aliyewahudumia alikwisha kupita njia hiyohiyo.

Elimu ya Malta haikumtosha, kwani vitabu vya Ulaya havikuandikwa kwa ajili ya maradhi ya Karema. Ilimbidi ajifunze upya: lugha za wenyeji, mitishamba yao, na namna ya kuingia nyumbani kwa mgonjwa akakubaliwa. Alimwoa Agnes, binti wa huko, wakajenga kwao Karema. Mtoto wao Joseph alikuja kuwa padri. Yamkini ndoa hiyo iliwafungulia wagonjwa mlango kuliko cheti chochote, maana aliyekuja kutibu hakuwa tena mgeni bali shemeji wa kijiji.

Serikali zilipita, yeye akabaki. Alihudumu chini ya Wajerumani, na katika zama zao ugonjwa wa malale ulizikumba pwani za ziwa. Wabelgiji waliiteka Karema mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye wakaja Waingereza. Kila utawala ulikuwa na madaktari wake wenye vyeo, lakini wengi wao walikaa mbali na Karema, na aliyeugua usiku alibisha kwa Atiman.

Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, iliyotoka kwake mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni bahati kwa historia yetu, kwa kuwa wahudumu wa ngazi yake ni nadra kuacha maandishi.

Alifariki dunia Karema mwaka 1956, akikaribia umri wa miaka 90, baada ya miaka 67 katika kituo kilekile alichopangiwa ujanani. TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili, na Uhuru ulikuwa bado miaka mitano mbele.