Michael Grzimek

Michael Grzimek (Berlin, Ujerumani, 12 Aprili 1934 – eneo la Ngorongoro, Tanganyika, 10 Januari 1959) alikuwa mtaalamu wa wanyama, mtengenezaji wa filamu na rubani kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt.

Mwaka 1956 baba na mwana walitoa filamu kuhusu wanyamapori wa Kongo. Mapato yake walitaka kununulia ardhi ili kupanua Hifadhi ya Serengeti. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri wachunguze kwanza wanyama wanahamia wapi, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga kubadili mipaka ya hifadhi bila kujua vizuri njia za nyumbu.

Safari ya anga

Sehemu ya Serengeti ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini, lenye makao makuu Arusha. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni takriban km 335 kwa barabara. Hata leo gari humaliza karibu siku nzima, ilhali ndege ndogo inayoruka kutoka uwanja wa Arusha, karibu na Mlima Meru, hufika kwa saa moja hivi. Kuhesabu kwa gari kusingefaa: makundi yangekuwa yameshahama kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo wote wawili walijifunza urubani.

Desemba 1957 waliondoka Frankfurt kwa Dornier Do 27, ndege ya injini moja iliyopakwa mistari ya punda milia. Kutoka Frankfurt hadi Nairobi ni km 6,300 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria ya leo ikienda moja kwa moja huchukua saa 8 hivi. Ndege yao, yenye mwendo wa karibu km 200 kwa saa, ilihitaji zaidi ya saa 30 angani, bila kuhesabu mizunguko na vituo vya mafuta.

Hesabu na mipaka

Mwaka 1958 walihesabu wanyama wakubwa 366,980. Idadi hiyo ilikuwa pungufu. Hesabu zilizofuata, zilizotumia picha za angani, zilionyesha nyumbu wengi zaidi. Jambo kubwa zaidi lilikuwa ramani ya uhamaji: nyumbu walivuka mipaka iliyopendekezwa. Hata hivyo, mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti. Wamasai waliohamishwa kutoka Serengeti ndio waliolipa gharama ya mpango huo, na ni haki kusema kwamba akina Grzimek waliwajali wanyama kuliko wafugaji.

Kifo

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake ndege ilipogongana na tumbusi, ikashindwa kuongozwa na kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Baba yake alimalizia filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa hapo hapo. Mnara wao wa mawe uko kando ya barabara, na wasafiri wa Arusha kwenda Serengeti hupita mbele yake.