Mwalimu Nyerere na mtoto wa kike darasani

Kila ifikapo Oktoba 14, vituo vingi vya redio hupiga hotuba za Mwalimu Julius Nyerere. Nyingi ni za uhuru, Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Kazi yake ya kuwaingiza wasichana darasani haisikiki sana, ingawa karibu kila familia nchini imeguswa nayo.

Kambarage alizaliwa Butiama, Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake zaidi ya 20. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Kijana huyo aliingia shule akiwa tayari na miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 30 kutoka nyumbani. Miaka mitatu baadaye akapelekwa Tabora, shule ya wavulana.

Katika miaka hiyo hiyo baba yake alimposea mchumba na mahari ikalipwa, kama mila ilivyotaka. Mchumba mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Ndoa hiyo haikufungwa. Mwaka 1953, baada ya kurudi kutoka Edinburgh, Nyerere alimuoa Maria Gabriel, binti wa Tarime aliyesoma shule za misheni hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi. Wasichana wa aina ya Maria walikuwa wachache mno wakati huo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima walikuwa wapatao 486,000, na wasichana walikuwa takriban theluthi moja tu. Mzazi mwenye ada ya mtoto mmoja alimpeleka wa kiume. Wa kike alibaki nyumbani kuchota maji, kulea wadogo zake na kusubiri mahari.

Serikali haikuwa na fedha za kuwasomesha wote. Mwanzoni ilipangwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1989. Lakini mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, mji ule ule alioanzia shule Mwalimu, kikaamua lengo hilo lifikiwe mwaka 1977. Miaka 12 ikakatwa kwa mkutano mmoja! Ndiyo ile UPE wanayoikumbuka wazee wetu.

Walimu wangetoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi huku wakiwa tayari wanafundisha, nao wakaitwa walimu wa UPE. Jina hilo baadaye liligeuka kejeli, na mimi naona si haki, maana bila wao madarasa mengi yasingekuwa na mtu wa kushika chaki. Wanavijiji walifyatua matofali. Mwaka 1978 ikatungwa Sheria ya Elimu: kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe, na mzazi asiyehakikisha mtoto anahudhuria ashtakiwe. Sheria haikutofautisha wa kiume na wa kike, na hapo ndipo ilipobana. Baba aliyekuwa akisema binti hana haja ya shule sasa alikuwa na kesi ya kujibu.

Matokeo yalionekana haraka. Wanafunzi walifika zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya muongo huo wasichana walikuwa karibu nusu ya darasa.

Kuandikishwa ni jambo moja, kumaliza ni jingine. Serikali hiyo hiyo ya Mwalimu ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana alitakiwa kufikisha 18. Sasa piga hesabu: binti aliyeanza shule akiwa na miaka 9 au 10, jambo la kawaida kabisa enzi hizo, alifikisha miaka 15 akiwa bado yuko darasani. Na aliyepata mimba alifukuzwa, huku aliyempa mimba mara nyingi akiendelea na maisha yake. Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985 bila kulimaliza hilo. Nafasi za sekondari nazo zilikuwa chache, hivyo kwa wasichana wengi cheti cha darasa la saba kilikuwa mwisho wa safari.

Hali ngumu ya uchumi ilirudisha michango shuleni miaka ya 1980, na idadi ya waandikishwaji ikashuka. Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena miaka michache baadaye. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa: anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisimamia hukumu kwamba vifungu vile vya ndoa vya mwaka 1971 vinakwenda kinyume cha Katiba. Na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni.