Abdul-Rahman al-Sufi na Jicho Jekundu la Thauri

Ukitoka msikitini baada ya Isha mwezi wa Januari, na mawingu yakiwa yamekaa mbali, inua kichwa. Kwenye saa tatu za usiku, karibu na utosi, utakiona Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima. Nyuma yake, upande wa mashariki, ipo nyota moja kubwa yenye wekundu wa kaa la moto. Waarabu waliiita al-Dabaran, yaani mfuasi, kwa sababu hukifuata Kilimia usiku kucha bila kukifikia.

Ndugu msomaji, mmoja wa walioieleza nyota hiyo na wenzake kwa uangalifu mkubwa ni Abul-Husayn Abdul-Rahman ibn Umar al-Sufi. Alizaliwa mwaka 291 Hijria, sawa na 903 Miladia, huko Rayy, karibu na Tehran ya leo. Jina lisikupoteze. Nami nilipoliona mara ya kwanza nilidhani nimepata kitabu cha tasawwuf, kumbe ni falaki tupu.

Alifanya kazi chini ya Adud al-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buwayhi katika Uajemi. Inasimuliwa kuwa mtawala huyo alijifakhari kwa walimu wake, na katika elimu ya nyota zisizohama alimtaja al-Sufi. Mwaka 964 al-Sufi alimtungia kitabu cha sura za nyota, chenye makundi 48 yaliyorithiwa kwa Batlamiyusi wa Iskandaria. Kila kundi alilichora mara mbili: kama linavyoonekana na mtu aliyesimama ardhini, na kama linavyochorwa juu ya tufe la nyota.

Wakati ule Batlamiyusi alikuwa na umri wa miaka 800 hivi vitabuni, na wengi walimnakili tu. Wachoraji wa matufe walipanga nyota kwa kufuata karatasi, na wapo waliohesabika wataalamu ilhali hawakuweza kuitambua nyota ikiwa juu ya vichwa vyao. Al-Sufi alilalamikia jambo hilo waziwazi. Yeye alikesha, akaipitia nyota moja baada ya nyingine, akapima kwa macho ung'aavu wake, na pale Batlamiyusi alipokosea alimsahihisha. Tuseme ukweli lakini: mahali pa nyota hakupapima upya. Alichukua hesabu za Batlamiyusi akaziongezea nyuzi 12 na dakika 42, kwa vile mbingu ilikuwa imesogea. Nguvu yake ilikuwa katika ung'aavu na rangi. Aliandika pia habari ya wingu dogo karibu na kundi la Andromeda, ambalo leo tunajua ni galaksi nzima.

Al-Dabaran aliiandika kuwa nyekundu, iliyo kwenye jicho la Thauri. Kwa nini ni nyekundu, hakuwa na njia ya kujua. Jibu limepatikana katika karne iliyopita. Nyota huishi kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu ndani ya kiini chake. Haidrojeni ya kiinini ikiisha, kiini hujibana na kupata joto zaidi, na haidrojeni iliyokizunguka huanza kuwaka kwa kasi. Tabaka za nje husukumwa, zikatanuka na kupoa. Nyota iliyopoa usoni hugeuka nyekundu, na hapo huitwa jitu jekundu. Al-Dabaran ina upana wa zaidi ya mara 40 wa jua letu, lakini joto la uso wake ni kama nyuzi 3,600 za Selsiasi, wakati la jua ni 5,500. Ajabu ni kwamba, pamoja na kupoa huko, hutoa mwanga mara mia kadhaa kuliko jua, kwa ajili ya ukubwa wake. Iko mbali kiasi kwamba nuru tunayoiona leo iliondoka huko yapata miaka 65 iliyopita, karibu na siku za uhuru wa nchi zetu.

Baadaye heliamu nayo itawaka iwe kaboni, kisha nyota ivue tabaka zake na kubaki kiini kidogo cheupe kinachopoa polepole. Jua letu nalo litapita njia hiyo baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Wenzetu hupenda kutumiana kwenye simu picha za nyota zenye aya pembeni, bila kujua picha ni ya nini. Al-Sufi, nadhani, angeuliza kwanza nani ameitazama.

Alifariki mwaka 986. Mwanawe alitunga mashairi juu ya makundi ya nyota. Mwaka 1874 kitabu kilichapishwa kwa Kifaransa, na wanafalaki wakalinganisha vipimo vyake na vyao. Wazungu walimwita Azophi, na jina hilo limepewa shimo moja mwezini, lenye upana wa kilomita 47 hivi.