Tippu Tip na deni la Taria Topan

Jina la Tippu Tip wengi wetu tulilisikia shuleni, katika somo la historia: bunduki, pembe za ndovu, watumwa. Leo tunamleta kwenu kwa upande mwingine. Mtu huyu aliyetisha Maniema alikuwa pia mtu wa madeni. Nasi wa Bukavu tunajua namna deni la biashara linavyovunja nyumba. Wachungaji wanaitwa kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko kwa ajili ya ugonjwa.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837, na baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora. Alianza safari za bara akiwa kijana, bila mtaji wa maana. Biashara ya misafara iliendeshwa hivi: matajiri wa Kihindi wa Unguja walitoa mali kwa mkopo, yaani vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Mkuu wa msafara aliingia bara, akabadilisha mali ile kwa pembe za ndovu, kisha akarudi pwani kulipa. Faida ya mkopeshaji ilikuwa kubwa, kwa sababu safari ingeweza kuchukua miaka, na wengine hawakurudi kabisa. Mwanzoni Hamed alikopa kwa watu wengi. Baadaye akapata mdai mmoja mkubwa, Taria Topan, ambaye kwa miaka fulani alishika pia ushuru wa forodha wa Sultani.

Na aliyeshindwa kulipa? Alibaki bara. Tabora, Ujiji na Nyangwe kulikuwa na watu ambao hawakuthubutu kurudi pwani, maana wadai waliwangoja huko. Walioa, wakajenga, wakazeeka, na deni lao lilikuwa bado hai Unguja. 

Tippu Tip hakuwa mmoja wao. Mwaka 1870 aliondoka na mali ya Taria Topan, na hakurudi Unguja mpaka 1882. Katika miaka hiyo alifika hata Lomami, kwa Watetela. Huko alimwambia mtemi Kasongo Rushie kwamba bibi yake alitoka katika ukoo wake, akapokelewa kama mjukuu, akapewa utawala na pembe zote. Ukoo ule ulikuwa wa uongo, na yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo alipoandika maisha yake. Kisha akaweka makao Kasongo ya Maniema, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley kwa malipo. Sultani Barghash na Taria Topan walipomwita, alirudi na shehena ya pembe. Akalipa. Kwa wafanyabiashara wa Unguja alikuwa mtu wa kuaminika, na mkopo mpya ulimngojea.

Lakini ni nani aliyelipa deni lile? Si Hamed. Walilipa watu wa vijiji vilivyoshambuliwa, na watu waliotekwa na kubebeshwa pembe mpaka pwani. Daftari la Taria Topan lilifungwa vizuri, bila jina hata moja la watu hao. Ni babu zetu wa mashariki, na hata Kiswahili tunachohubiri nacho kilitufikia kwa njia zile zile za misafara.

Mwisho wake tuutaje kwa ufupi. Mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Leopold II. Mwaka 1889 Stanley alimshitaki Unguja kwamba hakutimiza mapatano ya wapagazi, na feza zake zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan zikazuiliwa. Akarudi pwani kwa ajili ya kesi hiyo, ambayo baadaye iliachwa. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilichukua alichoacha Kongo, pamoja na mwanawe Sefu. Yeye alikufa Unguja mwaka 1905, bado akiwa na mashamba yake.

Tunasoma katika 2 Wafalme 4 juu ya mjane ambaye mdai alikuja kuwachukua watoto wake wawili. Nehemia 5 inaonyesha taifa zima likiweka rehani mashamba na watoto. Siku ya leo mchuuzi wa Kadutu anakopa kooperative, kisha anakopa banki lambert ili alipe kooperative. Wengine hata hawakukosa: mabenki yalipofunga milango mjini Februari 2025, feza zao zilibaki ndani na wadai wakabaki nje. Kuna anayekimbia usiku kwenda Kamituga, mke anabaki kujibu. Kuna anayeuza parsele ya mama yake mjane na kutoa binti shuleni, analipa mpaka dola ya mwisho, nasi tunampa kiti cha mbele kanisani. Yule anayekiri kwamba amefilisika tunamwondoa kwenye huduma. Kwa maoni yetu, hapo tunahukumu kama wafanyabiashara wa Unguja.

Mlango wa mtu kusema wazi kwamba ameshindwa, sisi tunao. Kongo inatumia sheria za OHADA tangu Septemba 2012, na ile ya kufilisika, iliyorekebishwa mwaka 2015, inamhusu hata mtu mmoja anayejitegemea: mchuuzi, fundi, mkulima. Kabla hajashindwa kabisa, anaweza kuomba tribinali imsaidie kupatana na wadai. Akiwa hawezi tena kulipa, anapaswa kujitangaza ndani ya siku 30. Kesi ikifunguliwa, mdai mmoja hawezi tena kujichukulia vitu peke yake. Mali inahesabiwa na wadai wanagawana. Haifuti kila deni, lakini mkopeshaji naye anabeba sehemu ya hasara ya biashara aliyoiamini.

Na pale ambapo tribinali haifanyi kazi au iko mbali, wadai na mdaiwa wanaweza kukaa meza moja mbele ya avoka na wazee. Mdaiwa aje na karatasi mbili: orodha ya wadai wote, banki lambert pia, na orodha ya mali iliyo yake kweli. Parsele ya mama haiandikwi humo.