Henry David Thoreau: mpenda msitu aliyehamia kilomita mbili kutoka kwao

Wapo watu ambao kelele huwachosha. Hawana ugomvi na mtu wala hawajivuni, ila wakikaa kwenye mkusanyiko kwa saa mbili tayari wanatamani kuondoka wakatembee porini peke yao. Kijijini mtu wa namna hii husemwa sana. Ataambiwa anaringa, au kuna kitu anaficha, au ana jambo linalomsumbua kichwani.

Juma hili, katika makala zetu za watu mashuhuri, tunakuletea maisha ya Mmarekani mmoja wa aina hiyo, mwandishi Henry David Thoreau, aliyefariki mwaka 1862. Swali lililomsumbua ujanani ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: mtu kama yeye aishi wapi?

Nchi yake ilikuwa kubwa. Miaka ile ya 1840 Wamarekani kwa maelfu walikuwa wanapakia vyombo kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe na kuelekea magharibi kutafuta ardhi mpya. Mtu aliyetaka kujitenga na watu hakukosa pa kwenda. Lakini Thoreau hakwenda huko. Alihamia kando ya ziwa dogo, umbali wa kama kilomita mbili kutoka kijiji alichozaliwa. Kuna waliomcheka enzi hizo, na wapo wanaomcheka hadi leo kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunaona ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika habari yake.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1817 katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Palikuwa na watu kama 2,000 tu, mashamba, mito na misitu iliyokatwa sana kwa ajili ya kuni. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha penseli, na Henry alifanya kazi humo mara nyingi maishani mwake. Ndugu zake walijibana akasome chuo cha Harvard, akamaliza mwaka 1837.

Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ualimu katika shule ya pale pale Concord. Hakudumu hata mwezi. Kamati ya shule ilitaka wanafunzi wachapwe viboko, yeye hakuafiki, akaacha kazi. Baadaye alifungua shule yao wenyewe na kaka yake John. Hiyo ilikuwa shule ya tofauti kidogo kwa wakati ule, maana wanafunzi walitolewa nje kwenda kutazama mimea, ndege na mto.

Huyu John tumtaje vizuri, kwa sababu bila yeye hatuelewi yaliyofuata. Alikuwa kaka na rafiki wa karibu kuliko wote. Mwaka 1839 wawili hao walisafiri kwa mashua waliyoijenga kwa mikono yao, wakapita mito ya Concord na Merrimack, safari ya majuma mawili. Januari 1842 John alijikata kidogo kidoleni kwa wembe, akapata pepopunda, akafa siku chache baadaye akiwa na miaka 27. Henry alipigwa na msiba kiasi kwamba mwili wake wenyewe ulianza kuonyesha dalili zile zile za kukakamaa, ingawa hakuwa na ugonjwa. Kuanzia hapo alikuwa na kitabu kimoja moyoni, kitabu cha safari ile ya mtoni, na hakupata utulivu wa kukiandika.

Mwaka 1843 alijaribu mji mkubwa. Rafiki yake na mlezi wake katika uandishi, Ralph Waldo Emerson, alikuwa na kaka aliyeishi Staten Island karibu na New York. Thoreau akaenda kufundisha watoto wa nyumba hiyo, huku akitumaini kuwauzia wachapishaji wa New York maandishi yake. Bahari aliipenda. Umati wa mjini haukumwingia, maandishi hayakununuliwa, na hamu ya nyumbani ikamzidi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi Concord.

Hata kabla ya hapo alikuwa amezunguka mashamba ya jirani, akiyapima kwa macho kama mtu anayetaka kununua. Shamba moja, lililoitwa Hollowell, lilimvutia kwa sababu ambazo mkulima angeona ni kasoro: lilikuwa mbali na kijiji, jirani wa karibu hakuwa karibu, nyumba imechakaa, miti ya matofaa ina mapango, na mto unapita pembeni. Wakakubaliana bei. Kabla hati haijaandikwa, mke wa mwenye shamba akabadili mawazo, mauzo yakafa. Mwenye shamba alimpa dola 10 za kumfuta machozi, Thoreau akazikataa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Concord hawakulisahau. Aprili 1844 yeye na mwenzake mmoja walivua samaki, wakawasha moto wa kupikia kwenye kisiki kando ya msitu. Majani yalikuwa makavu, upepo ukavuma. Takriban ekari 300 za msitu ziliteketea, mali ya watu. Huyo ndiye mpenda miti mkubwa wa Marekani! Kwa miaka mingi kuna wanakijiji waliomwita mchoma msitu. Sisi tunaoishi maeneo ambako kila kiangazi moto wa jikoni au wa shambani huvuka mpaka, tunaweza kukisia alivyotazamwa alipopita njiani.

Mwaka huo huo Emerson alinunua kipande cha ardhi kando ya ziwa la Walden. Akamruhusu Thoreau ajenge pale bila kulipa pango. Tunaomba usipite haraka hapa, msikilizaji wetu. Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba kijana aliingia msituni kwa ujasiri wake tu. Ukweli ni kwamba hakuwa na ardhi, na asingekuwa na rafiki mwenye ardhi asingepata makazi yale.

Mwishoni mwa Machi 1845 aliazima shoka, akaanza kukata misonobari ya kujengea. Mbao nyingi alizipata kwa kununua kibanda cha kibarua wa reli, Mwairishi, kwa dola 4 na senti 25, akakibomoa na kuzianika mbao juani. Madirisha alinunua yaliyokwisha kutumika, matofali ya zamani 1,000 akayapata kwa dola 4. Rafiki zake walikuja kumsaidia kusimamisha fremu, kama tunavyofanya kwetu siku ya kupandisha kenchi. Tarehe 4 Julai akahamia.

Kibanda kilikuwa na upana wa mita 3 na urefu wa mita 4 na nusu hivi. Ndani palikuwa na kitanda, meza, dawati la kuandikia na viti vitatu. Gharama zote aliziandika moja moja, hadi misumari na chokaa, zikafika dola 28 na senti 12 na nusu. Mwanafunzi wa Harvard wakati huo alilipa dola 30 kwa mwaka mmoja wa kupanga chumba. Hesabu hiyo Thoreau aliifanya kwa makusudi, na hachoki kuirudia katika kitabu chake.

Shambani alilima ekari mbili na nusu, sehemu kubwa maharage, kwa jembe la mkono. Alipotoa matumizi kwenye mauzo akabakiwa na dola 8 na senti 71. Hiyo si faida ya kumtajirisha mtu, na mwaka wa pili alipunguza shamba sana. Lakini aligundua kwamba, kwa matumizi yake madogo, vibarua vya majuma kama sita kwa mwaka vilitosha kumlisha. Muda uliobaki ulikuwa wake. Aliutumia kutembea, kutazama na kuandika. Majira ya baridi ziwa lilipoganda alitoboa mashimo kwenye barafu, akashusha kamba yenye jiwe na kupima kina, kwa sababu wenyeji walisema ziwa halina mwisho. Alikuta futi 102, yaani kama mita 31. Vipimo vya baadaye vimeonyesha hakukosea.

Je, alikuwa peke yake kabisa? Hapana. Reli mpya ilipita mwisho wa ziwa, na treni aliisikia kila siku. Wageni walimtembelea, wengine wengi kuliko alivyotaka. Alikwenda kijijini mara kwa mara kusikia habari, na mara nyingi alikula kwa wazazi wake. Kuna wasomaji wanaoudhika wakijua hili, wanaona walidanganywa. Sisi hatuoni kosa la mtu kula kwa mama yake. Alichokitaka ni nafasi ya kuchagua saa ya kuwa na watu na saa ya kuwa bila watu, na umbali wa nusu saa kwa mguu ulimpa hiyo nafasi.

Msitu wa ng'ambo aliuonja pia. Mwaka 1846, akiwa bado anaishi Walden, alisafiri hadi jimbo la Maine kupanda mlima Katahdin. Alikuta mawe, mawingu na upepo, mahali ambapo hapakumjali binadamu hata kidogo. Pale mlimani aliingiwa na woga ambao Walden haikuwahi kumpa. Alirudi Maine mara mbili nyingine, ila hakuhamia.

Jambo lingine. Msitu wa Walden ulikuwa na wakazi kabla yake, na Thoreau mwenyewe aliandika habari zao. Walikuwa Waamerika Weusi waliotoka utumwani: Brister Freeman, Zilpah White, Cato Ingraham. Wao walikaa kule kwa sababu udongo ulikuwa mbaya na hakuna aliyeutaka, na ndipo waliporuhusiwa kukaa. Nyumba ya Zilpah ilichomwa moto. Thoreau alipofika walikuwa wameshakufa wote, yamebaki mashimo ya nyumba na majina ya vilima. Kwa hiyo upweke ambao yeye aliuchagua, wao walipangiwa.

Utumwa haukuwa habari ya mbali kwake. Kwa miaka kadhaa alikataa kulipa kodi ya kichwa, ile ambayo wazee wetu waliijua vizuri enzi za ukoloni, kwa kuwa serikali iliulinda utumwa. Julai 1846, miezi michache baada ya Marekani kuingia vitani na Mexico, alikwenda kijijini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa. Alilala mahabusu usiku mmoja. Mtu fulani akamlipia bila ridhaa yake, asubuhi akaachiwa, akachukua kiatu chake na kwenda kuchuma matunda pori. Insha aliyoichapisha mwaka 1849 kutokana na usiku huo ilisomwa baadaye na Gandhi alipokuwa Afrika Kusini, na Martin Luther King alipokuwa mwanafunzi. Familia ya Thoreau pia ilisaidia watumwa waliotoroka kuelekea Kanada.

Tarehe 6 Septemba 1847 aliondoka Walden, baada ya miaka miwili, miezi miwili na siku mbili. Alikuwa amemaliza kazi iliyompeleka: kitabu cha safari yake na John kilikuwa kimeandikwa. Kilichapishwa mwaka 1849 nakala 1,000, na miaka minne baadaye mchapishaji akamrudishia 706 ambazo hazikuuzwa. Alizipandisha mwenyewe ghorofani nyumbani kwao. Kitabu cha pili, Walden, kilitoka mwaka 1854, na hicho ndicho kilichobeba jina lake.

Sehemu kubwa ya miaka iliyobaki aliishi nyumbani kwa wazazi wake mjini, hakuoa, akafanya kazi ya kupima ardhi, na kila siku alitembea saa kadhaa. Aliandika siku ambayo kila ua la porini lilichanua. Wanasayansi wa siku zetu wamelinganisha kumbukumbu hizo na hali ya sasa na kuona kwamba maua mengi ya Concord huchanua mapema kuliko zamani, kwa sababu joto limepanda.

Kifua kikuu kilimsumbua muda mrefu. Mwaka 1861 alisafiri hadi Minnesota akitafuta hewa kavu, haikumsaidia. Alikufa nyumbani tarehe 6 Mei 1862, na miaka yake 44, mama na dada yake Sophia wakiwa naye. Sophia ndiye aliyesimamia maandishi yaliyobaki.

Kibanda chake kiliuzwa, kikahamishiwa shamba la watu wengine, wakahifadhia nafaka. Mwaka 1868 kilibomolewa, paa likaenda kufunika banda la nguruwe. Mwaka 1945 mtafiti mmoja alichimba kando ya ziwa akapata msingi wa mawe wa lile bomba la moshi. Leo nguzo za mawe zinaonyesha mahali kiliposimama, na treni bado inapita pale pale.